UZI: Binti yangu anataka kuwa daktari mtafiti wa tiba nyuklia, mnaoijua hii kazi njooni tuelezane

Baba Somoe:
Wakuu habari za usiku huu. Niko Mtwara, Chikongola. Binti yangu kamaliza kidato cha sita PCB, Mungu kasaidia matokeo yametoka vizuri, sasa tunasubiri mambo ya vyuo. Nyumba nzima tulijua anaenda kuwa daktari wa watoto au wa akina mama, juzi tunakula akasema hapana, yeye anataka aje kuwa daktari mtafiti wa tiba nyuklia, wale wanaomchoma mgonjwa dawa yenye mionzi halafu wanapiga picha kuona kansa imefika wapi. Kisa chenyewe ni bibi yake, alimsindikiza hospitali ya kansa ya Ocean Road kule Dar akaona hiyo mashine, tangu hapo haambiwi kitu.

Mimi mtu wa korosho, nyuklia ninayoijua ni ya mabomu na ile stori ya urani kule Namtumbo. Naomba mnaojua mnieleze, ni kazi ya kueleweka kweli, miaka mingapi anakaa shule, itamharibia kizazi au hapana, na akimaliza atafanyia wapi maana huku kwetu sijasikia hiyo mashine. Matani yawepo ila na majibu yawepo.

Korosho Ghafi:
Mwambie asomee uhasibu aje tumpe AMCOS, hela yote iko huko 😂😂

Mzee wa Shangani:
Baba Somoe ndugu yangu, mionzi si mchezo. Mtoto wa kike huyo. Mrudishe kwenye udaktari wa kawaida, bado anahitaji kuzaa.

Kitangari Original:
Mzee wa Shangani shikamoo. Hilo la kuzaa nitalijibu, nipe nafasi kidogo.

Baba Somoe mimi sio daktari. Ni mtu wa mionzi, yaani ndo ninayemlaza mgonjwa kwenye kitanda cha kamera, kwetu Newala ila kazi iko Dar na nimekaa kitengo cha tiba nyuklia muda wa kutosha kuwajua hao madaktari anaotaka kufanana nao. Naandika kwa simu kwahiyo nitakuja kwa awamu, mnivumilie.

Eksirei na CT zinakuonyesha umbo la kitu, kimekaa wapi na kina ukubwa gani. Tiba nyuklia inakuonyesha hicho kitu kinafanya nini. Mgonjwa anapewa dawa kidogo sana iliyofungwa na mionzi, ile dawa inajiendea yenyewe kule inakopendwa, kamera iko nje inapokea mionzi inayotoka mwilini. Kwenye eksirei mashine ndo inayotoa mionzi, huku kwetu anayetoa ni mgonjwa. Ukitaka mifupa unatumia dawa inayokimbilia mfupa, ukitaka tezi ya shingo unatumia ayodini maana ndo chakula cha hiyo tezi, na kansa nyingi zinakula sukari kupita kiasi, hilo Otto Warburg kule Ujerumani alishaliona miaka ya 1920, basi watu baadaye wakatengeneza sukari yenye mionzi. Na ukishajua dawa fulani inakwenda moja kwa moja kwenye uvimbe, unaweza kubadilisha ule mionzi ukaweka mkali zaidi, ikawa sio picha tena, ni tiba. Hapo ndo utamu wa hii fani ulipo, daktari anaona kwanza halafu anatibu alichokiona.

Sasa daktari wa kawaida wa kitengo anasoma picha, anaandika ripoti, anampa mgonjwa dozi, kazi nzito na ya heshima. Daktari mtafiti anafanya yote hayo halafu bado ana swali linalomnyima usingizi. Ngoja niwape mfano mmoja ambao mimi huwa nawasimulia vijana wa fildi.

Novemba 1936 kule Boston, Karl Compton aliyekuwa rais wa chuo cha MIT alikwenda kuongea na madaktari wa Harvard, mada ni fizikia inaweza kuisaidia vipi tiba. Mwisho wa mhadhara daktari mmoja wa mambo ya tezi anaitwa Saul Hertz akauliza, ayodini inaweza kutengenezwa ikawa na mionzi? Compton pale pale hakuwa na jibu, akaja kumwandikia barua mwezi wa 12 kwamba inawezekana. Hertz akaungana na mwanafizikia wa MIT, Arthur Roberts, wakaanza na sungura 48, na tarehe 31 Machi 1941 mgonjwa wa kwanza mwenye tezi inayofanya kazi kupita kiasi akapewa ayodini ya mionzi hospitali ya Massachusetts General. Tiba ya ayodini ya mionzi ndo hiyo tunayotoa mpaka leo, Ocean Road ipo.

Ila stori haiishii kwenye makofi. 1943 Hertz akaingia jeshi la majini, kazi yake na wagonjwa wake wakabaki mikononi mwa wengine, na 1946 jarida la madaktari wa Marekani likatoa makala mbili za ayodini kwenye toleo moja, ya kwake na Roberts na ya hao wengine, ikawa ni mvutano nani alianza. Kafa 1950 ana miaka 45. Baba Somoe mwambie binti, utafiti ni akili ndio, lakini na daftari lako ulimwachia nani nayo inahesabika.

Nachingwea Boy:
Aisee hapa kuna nondo. Naweka kambi.

Mama Wawili Lindi:
Kitangari endelea baba, tunasoma.

Kitangari Original:
Nimerudi. Mzee wa Shangani, la kizazi sasa.

Mfanyakazi wa mionzi ana kikomo cha kisheria, wastani wa milisivati 20 kwa mwaka (hicho ni kipimo cha mionzi iliyomwingia mtu), tofauti na raia wa kawaida ambaye ni 1. Kila mtu anavaa beji kifuani, ile beji haizuii kitu, inahesabu tu, inapelekwa kusomwa na Tume ya Nguvu za Atomu wale wa Arusha, na ukisomeka juu kuliko kawaida utaulizwa ulikuwa unafanya nini. Na kuna vitu vitatu tunaishi navyo, usikae karibu muda mrefu, kaa mbali, weka kizuizi cha madini ya risasi katikati. Daktari tena anapata kidogo kuliko sisi tunaovuta dawa kwenye sindano. Mwanamke akijua ni mjamzito anatoa taarifa, anahamishwa kazi ya kushika dozi mpaka ajifungue. Nimefanya kazi na akina mama wenye watoto watatu, wanne, wazima kabisa. Anayeogopesha watu kwenye kitengo sio mionzi, ni mtu mzembe anayejiona ameshazoea.

Mzee wa Shangani:
Marahaba. Nimekuelewa kijana. Ila beji asiivue.

Binti Mikindani:
Mimi nesi, nilishawahi kuzungushwa kitengo cha namna hiyo kabla sijarudi kusini. Naomba niongeze jambo ambalo madaktari watafiti wengi hawaliandiki kwenye makala zao.

Kulikuwa na mama mmoja wa huku huku kwetu, kansa ya tezi ya shingo, keshafanyiwa upasuaji, kaja kunywa ayodini. Dozi yenyewe ni kidonge tu, kinatolewa kwenye kopo zito la risasi, daktari kasimama mbali kidogo anamwambia meza na maji. Baada ya hapo akaanza kusomewa masharti, siku kadhaa ulale peke yako, usimbebe mtoto mdogo, usikae karibu na mjamzito, choo ukishatumia flashi mara mbili. Yule mama akasikiliza mpaka mwisho halafu akasema, dokta, kwetu tunalala mkeka mmoja na wajukuu watatu, choo ni cha shimo na maji ya ndoo, na nikishuka kwenye basi nimekaa siti ya watu watatu. Daktari akanyamaza. Alikuwa kijana, kasoma nje, ile karatasi ya masharti ilikuwa imetafsiriwa tu kutoka kwa watu wenye vyumba vinne. Akavuta kiti akakaa, wakapanga upya, abaki wodini zaidi mpaka kipimo kishuke, shangazi yupo Mbagala atampokea siku za mwanzo, wajukuu wahamie kwa mjomba.

Mimi pale ndo niliona utafiti. Mtu kama Somoe aliyekulia Mtwara asingesubiri mgonjwa amwambie kwamba tunalala mkeka mmoja.

Dokta Rondo:
Binti Mikindani umenigusa. Mimi daktari mwenye digrii ya udaktari (MD), nafanya kazi Lindi. Naomba niwe yule mtu wa kumwaga maji baridi kidogo.

Baba Somoe hesabu hivi. MD miaka 5. Intern mwaka 1, usajili wa Baraza la Madaktari. Halafu wengi tunafanya kazi kwanza maana unahitaji mshahara na mdhamini wa kukurudisha shule. Baada ya hapo ubingwa. Nchi nyingi tiba nyuklia ni ubingwa unaojitegemea, Afrika Kusini kwa mfano ni miaka 4 ya kusoma huku unafanya kazi wodini na kitengoni. Ukitaka utafiti wa kweli unaongeza PhD, weka miaka 3 mpaka 5. Yaani binti akianza na miaka 19, akija kuitwa mtafiti anayejitegemea ana 35 na kitu, wenzake wa kidato cha sita wana nyumba na wamechoka na ndoa 😅. Na hapo katikati mkopo wa bodi unakatwa, ndugu wana harusi, wewe unaandika pendekezo la utafiti saa 7 usiku.

Na kitu kingine, utafiti wa peke yako haupo. Kama binti anapenda kuwa bosi wa chumba chake, upasuaji unamfaa zaidi. Huku unamtegemea mkemia, mwanafizikia, mfamasia wa mionzi, mtu wa mashine kama Kitangari, na mpaka dereva. Mmoja akichelewa, umeumia.

Kitangari Original:
Dokta Rondo hapo kwa dereva umenikumbusha kitu, nilikuwa nimekipanga kwa baadaye ila ngoja kije sasa.

Yupo daktari anaitwa Abass Alavi. Mtu wa Tabriz, Iran, kazaliwa 1938, udaktari kamaliza Chuo Kikuu cha Tehran 1964, akahamia Marekani, mwisho akatulia Chuo Kikuu cha Pennsylvania pale Philadelphia, kwa David Kuhl ambaye ni mmoja wa watu walioanzisha mambo ya kupiga picha za vipande vya mwili kwa mionzi. Wao na mwenzao Martin Reivich walikuwa wanataka kuona ubongo wa mtu aliye hai unavyotumia sukari. Kulikuwa tayari na njia ya Louis Sokoloff, anatumia sukari yenye kaboni 14 kwa wanyama, lakini mionzi ya kaboni 14 haitoki nje ya fuvu, mpaka umpasue mnyama, na binadamu huwezi kumfanyia hivyo. Ikabidi itafutwe sukari yenye mionzi inayotoka nje ikapigwa picha.

Hiyo kazi wakafanya wakemia wa maabara ya Brookhaven, Mjapani Tatsuo Ido, Joanna Fowler, Alfred Wolf. Wakaitengeneza kwa florini 18, ndo hiyo FDG mnayoisikia. Uzuri wake ni kwamba seli inaipokea kama sukari, inaipiga muhuri wa kwanza, halafu ikitaka kuendelea kuivunja inashindwa, inabaki imenasa mle ndani. Panapokula sana panawaka sana. Tatizo Brookhaven iko Long Island kule New York, kamera iko Philadelphia, na florini 18 kila dakika 110 nusu yake imeshapotea. Kwahiyo Agosti 1976 dozi ikapakiwa kwenye ndege, ikashushwa Philadelphia, Alavi na wenzake wakawachoma watu wawili wazima waliojitolea, wakapata picha za kwanza za binadamu. Mashine hata haikuwa PET ya leo, yaani kamera maalum ya kupiga picha za dawa kama hiyo FDG, ilikuwa kamera ya zamani ya Kuhl.

Na angalieni hili, hawa jamaa walikuwa wanatafuta ubongo. Kansa ilikuja kuchukua nafasi baadaye, watu wengine wakaona mbona uvimbe nao unawaka, ndo leo ukitaja PET kila mtu anafikiria kansa. Alavi mwenyewe kaendelea miongo na miongo, mtafute utaona wanafunzi wake wamejaa kila kona, akihama toka ubongo kwenda kansa, kwenda maambukizi, kwenda mishipa ya moyo. Daktari mtafiti anayeng'ang'ania swali lake la kwanza mpaka kustaafu mimi sijamuona.

Nachingwea Boy:
Kaka hapo kwa ndege sio chai kweli? Watu wapakie sukari kwenye ndege kuwahi dakika?

Kitangari Original:
Chai ya nini mdogo wangu. Piga hesabu mwenyewe. Chukua dozi ya florini 18 iweke kwenye basi la Mtwara, litoke Dar alfajiri, tuseme njia nzuri, daraja la Mkapa umepita, Somanga hakuna maji, baada ya saa 10 njiani uko stendi. Saa 10 ni dakika 600. Gawanya kwa 110 unapata kama nusu tano na kitu. Kilichobaki kwenye kichupa ni asilimia 2 na kidogo. Mgonjwa kafunga chakula tangu usiku, unamchoma maji. Kwa ndege, kuanzia maabara mpaka chumba cha mgonjwa weka saa 3, unabaki na kama theluthi moja. Inawezekana, ila uwe umetuma mara tatu ya unachohitaji na ndege isiahirishwe.

Ndo maana wenye PET wanajenga na saikrotroni karibu, ile mashine inayotengeneza florini. Nairobi wanafanya hivyo, Aga Khan na ile hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Kwetu serikali ilianza mradi wa saikrotroni na PET pale pale Ocean Road.

Korosho Ghafi:
Kwahiyo sisi wa kusini ndo basi tena. Gesi yetu, korosho zetu, nyuklia yenu 😏

Kitangari Original:
Usinitie kwenye siasa 😂. Halafu sio basi tena, hapo ndo penyewe. Nitarudi kwenye hilo, kuna mgonjwa kesho asubuhi, nalala.

Mama Wawili Lindi:
Jamani mimi nina swali la kweli. Mzee wangu ana kansa ya tezi dume, imeingia mifupani. Mtu kaniambia kuna tiba ya nyuklia inaponyesha kabisa, Afrika Kusini. Ni kweli au wananitafutia hela?

Dokta Rondo:
Dada pole sana na mzee. Inaponyesha kabisa, hapana, anayekwambia hivyo mkimbie. Tiba ipo. Seli nyingi za kansa ya tezi dume zina kitu juu yake kinaitwa PSMA, wataalamu wametengeneza dawa inayong'ang'ania hicho kitu, ukiifunga na galiamu 68 unapata picha, ukiifunga na lutetiamu 177 unapata tiba. Utafiti mkubwa ulitoka 2021, wagonjwa 831 ambao ugonjwa ulishasambaa na dawa nyingine zilishagonga mwamba. Waliopata lutetiamu juu ya huduma ya kawaida waliishi miezi 15.3 kwa kipimo cha kati, yaani nusu yao waliishi zaidi ya hapo na nusu chini ya hapo, wasiopata 11.3. Marekani wakaipitisha Machi 2022.

Mama Wawili Lindi:
Miezi minne tu?

Dokta Rondo:
Ndio dada, kwa kipimo cha kati. Wapo waliopata zaidi sana na wapo ambao haikuwasaidia. Na hao walikuwa wameshamaliza karibu kila kitu. Wewe kwanza muulize daktari wake kama mzee ameshapata tiba ya kushusha homoni na inaendeleaje, maana hiyo ipo hapa nchini, ni ya gharama ya chini zaidi na wengi inawatuliza muda mrefu. Usiuze shamba kabla hujajibiwa hilo.

Mama Wawili Lindi:
Asante dokta. Jumatatu nampeleka kliniki, nitauliza hivyo hivyo.

Binti Mikindani:
Mama Wawili niandikie inboksi, nikuelekeze mambo ya rufaa usizunguke.

Kitangari Original:
Nimerudi wakuu, na nashukuru Dokta Rondo kwa majibu ya kiutu uzima.

Sasa hapo Afrika Kusini alipopataja Mama Wawili, kuna mtu Somoe anatakiwa amjue kuliko hata Alavi. Profesa Mike Sathekge, mkuu wa tiba nyuklia Chuo Kikuu cha Pretoria na hospitali ya Steve Biko. Huyu na timu yake ni kati ya watu waliotangulia duniani kutumia aktiniamu 225 kwenye hiyo PSMA, ambayo ni kali kuliko lutetiamu maana inatoa chembe za alfa, zinapiga karibu sana na kwa nguvu sana. 2019 walitoa ripoti ya wagonjwa 17 ambao walikuwa bado hawajapata kemo. Wagonjwa 17 ni wachache mnaweza kusema, lakini Ulaya walisoma ile ripoti kwa makini, na wagonjwa walikuwa wa Pretoria.

Ila mimi kazi yake ninayoipenda ni nyingine isiyopigiwa kelele. Mnakumbuka nimesema kansa inakula sukari inawaka kwenye PET? Sasa TB nayo inawaka. Kule Ulaya mtu akiwaka doa kwenye pafu, akili ya kwanza ni kansa. Huku kwetu doa la pafu linaweza kuwa TB, inaweza kuwa kansa, inaweza kuwa vyote viwili, na mgonjwa ana VVU juu yake. Sathekge na wenzake walikaa na hilo swali miaka, wakaonyesha FDG peke yake haitoshi kutenganisha, halafu wakaligeuza, wakasema kama TB inawaka basi tuitumie kujua dawa za TB zinafanya kazi au hapana. 2011 wakachapisha hiyo ya wagonjwa wenye VVU na TB. Kilichoonekana kero ya picha wakakifanya kipimo. Hilo swali mtu wa Boston asingelipata kwa urahisi, hana wagonjwa hao.

Na idara ile imefundisha madaktari wengi toka nchi nyingine za Afrika. Watu wanakwenda kwa ufadhili wa Shirika la Nguvu za Atomu la Kimataifa, lile la Vienna, Tanzania ni mwanachama tangu 1976 na maombi yanapitia Tume yetu ya Atomu. Huombi mwenyewe kama unavyoomba viza, kituo chako cha kazi ndo kinakupendekeza. Ndo maana Dokta Rondo kasema fanya kazi kwanza.

Dokta Rondo:
Sahihi. Na anayependekezwa ni yule ambaye bosi anamjua anaandika ripoti zake kwa wakati. Sio siri.

Korosho Ghafi:
Kitangari uliahidi la kusini. Tunakusubiri.

Kitangari Original:
Haya. Florini haifiki Mtwara, tumeshaona. Lakini tiba nyuklia sio florini tu.

Kazi nyingi za kila siku duniani, skani ya mifupa, figo, moyo, zinafanywa na teknetiamu 99m, ambayo inapungua nusu kila saa 6. Ukiipakia yenyewe kwenye basi ni hasara. Ila haipakiwi yenyewe, anapakiwa mama yake, molibdenamu 99, anapungua nusu kila saa 66. Anakaa kwenye kibomba kidogo ndani ya boksi zito la risasi, tunaita jenereta, kila asubuhi unapitisha maji ya chumvi yanatoka na teknetiamu, kesho inazaliwa nyingine. Wenyewe tunasema kukamua, kama ng'ombe. Molibdenamu hii sehemu yake kubwa duniani inatoka kwenye vinu vichache tu vya nyuklia, kimoja ni SAFARI-1 kule Pelindaba karibu na Pretoria, kilianza 1965. 2009 kinu cha Kanada kilipozimwa kwa hitilafu zaidi ya mwaka, hospitali nyingi duniani zilihangaika na foleni za wagonjwa. Kwahiyo hata wazungu wanaishi kwa foleni ya jenereta.

Na PET nayo ina jenereta yake. Galiamu 68 inapungua nusu kila dakika 68, fupi kuliko florini, lakini mama yake jemaniamu 68 anapungua nusu kila siku 271. Mmeona hiyo? Boksi moja linakutumikia miezi mingi, unakamua pale pale hospitali, unafunga PSMA, unapiga picha za tezi dume bila saikrotroni. Inahitaji kamera ya PET, mfamasia wa mionzi, vipimo vya usafi wa dawa kabla haijaingia kwa mtu, na umeme usiokatika katikati ya kazi. Ghali ndio, na sisemi wanaileta. Nasema umbali wa Mtwara hauizuii. Tayari Mitengo tuna hospitali ya rufaa ya kanda, jengo lipo. Mtu wa kuuliza swali la kwamba kamera ya teknetiamu kusini itapunguza wagonjwa wangapi wanaopanda basi kwenda Dar kupiga skani ya mifupa, na hao wakirudi matibabu yao yanabadilika au ni yale yale, huyo ndo sijamuona. Hilo swali halihitaji hata mashine, linahitaji mafaili ya Ligula, Sokoine, Ndanda na Nyangao na mtu mwenye uvumilivu wa kuyafungua. Binti anaweza kulianza akiwa mwaka wa tatu wa MD, kwa kibali cha maadili ya utafiti lakini, asije akaenda kupekua tu.

Halafu niwachekeshe kidogo. Kwenye PET mgonjwa akisikia baridi, kuna mafuta fulani shingoni na mabegani yanaanza kula sukari ili yampashe moto, yanawaka kwenye picha, asiyejua anasema kansa imesambaa. Kwahiyo blanketi ni kifaa cha kazi. Mtu wa Mtwara mwenye jasho mwaka mzima, unamuingiza kwenye chumba cha kiyoyozi, unamfunika blanketi, anakuangalia kama umechanganyikiwa.

Mzee wa Shangani:
😂😂 Mimi ningetoka nje.

Baba Somoe:
Wakuu nimesoma kila kitu, na Somoe kasoma, na mama yake kasomewa. Mzee wa Shangani hofu yako ilikuwa hofu yangu, imepungua. Dokta Rondo miaka 35 umenikata maini ila bora kujua mapema. Somoe anauliza, kabla chuo hakijafungua ajisomee nini, maana amekaa tu anasaidia kubangua.

Dokta Rondo:
Takwimu. Madaktari wengi tunakwama hapo, data tunayo kuisoma hatuwezi. Na aandike kila siku, hata ukurasa mmoja.

Kitangari Original:
Na asiitupe ile BAM, somo la hesabu. Najua watoto wa PCB wanaisoma kwa kulazimishwa, lakini hesabu zote nilizopiga humu zimo mle. Somoe nakupa swali moja mjukuu wa Newala, jenereta ya molibdenamu imetoka Dar na basi, imefika Mtwara baada ya saa 10. Imebaki asilimia ngapi? Na ikikaa mpaka saa 96 tangu itoke Dar?

Baba Somoe:
Kaniambia niandike hivi: ya kwanza 90, ya pili 36 na nukta. Halafu anauliza, hapo saa 96 bado inakamulika au inarudishwa?

Kitangari Original:
Zote sahihi. Bado inakamulika, ila unapata dozi chache, kwahiyo wagonjwa wanaohitaji dozi kubwa unawapanga Jumatatu na Jumanne, wa dozi ndogo wanakuja mwisho wa wiki. Ikichoka kabisa haitupwi jalalani, inahifadhiwa stoo ya mionzi mpaka itulie, ndo irudi kwa mwenyewe au iondolewe kwa utaratibu. Baba Somoe, mwambie aniandikie inboksi akishapata chuo. Kuna mfamasia wa mionzi, dada mmoja, nitamuunganisha naye, akipata likizo aje akae kitengoni aangalie. Beji ya mgeni tutampa.